Walipoanza Kumwita Baba Desi

Mwenye duka la mikate nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Kasulu ameacha kuni. Siku hizi tanuri lake linakula maranda ya mbao, na asubuhi, hasa mvua ikiwa imenyesha na maranda yameshika unyevu, moshi wake huja moja kwa moja dirishani kwangu. Majirani wanalalamika. Mama mmoja wa upande wa pili amekwisha kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Waliponifuata niungane nao nikasema nitafikiri, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na khanga usoni. Harufu ile, tamu kidogo mwanzoni kama utomvu wa paina, halafu chungu ikishuka kooni, ni harufu ya shati la baba yangu, ambaye tumemzika juzijuzi tu. Ningependa iniletee huzuni peke yake, kama inavyompasa mtoto aliyefiwa. Inaniletea wivu. Si wivu wa mtu mzima, ule wa kujificha na kujisingizia mambo mengine. Ni wivu wa mtoto wa darasa la tatu, mzima kama ulivyokuwa, haujazeeka hata siku moja.

Baba alikuwa fundi boila katika hospitali ya masista, mwendo mfupi kutoka mjini Kibondo. Wengi waliolazwa pale hawakujua hata kwamba kuna boila. Walijua tu kwamba mashuka yanarudi meupe, kwamba mzazi anapata maji ya moto hata asubuhi zile za baridi ya kwetu, na kwamba mikasi ya daktari inatoka kwenye sanduku lake ikifuka mvuke. Vyote hivyo vilianzia kwenye chumba cha matofali nyuma ya dobi, palipokuwa na pipa la chuma lililolazwa ubavu, kubwa kuliko jiko letu la nyumbani, lenye mlango wa moto mbele, kioo chembamba cha kuonyesha maji pembeni, na geji ya presha juu. Zamani lilikula kuni. Lakini kuni kwetu zilikuwa ugomvi. Kambi za wakimbizi zilikuwa jirani, msitu ulikuwa unarudi nyuma kila msimu, na watu walishikana mashati kwa ajili ya mzigo mmoja wa matawi. Ndipo masista wakafunga kichomeo kingine, cha kula maranda kutoka kwenye mashine za mbao na magunzi ya mahindi ambayo wakulima wa Kitahana waliyaleta kwa baiskeli, magunia yamepangwa mpaka mwendeshaji haonekani.

Mimi nilikuwa na mahali pangu pale: kizingiti. Nikitoka shule nilimpelekea baba chakula, ugali wa muhogo na maharage, nikakaa kwenye kizingiti nikimtazama akila. Kuvuka ilikuwa marufuku moto ukiwaka. Ila mara moja kwa mwaka boila lilizimwa, likaachwa lipoe, likafunguliwa kila mlango ili lisafishwe, na siku hiyo baba aliniita ndani. Mimi ndiye niliyeshika tochi. Yeye alisukuma brashi ndefu kwenye mabomba, masizi yakamwagika kama unga mweusi, kisha akaingiza kichwa na mabega tumboni mwa lile pipa kubandua ukoko mweupe ambao maji huacha kwenye chuma, ule ule unaoganda ndani ya birika. Nilitoka mle nikiwa mweusi mpaka kope. Sikukuu ya Noeli kila mtoto alikuwa nayo. Hii ilikuwa yangu peke yangu.

Na pale hospitali, kuanzia Sista Mkuu hadi mlinzi wa geti, hakuna aliyemwita baba kwa jina lake. Aliitwa Baba Neema. Neema ni mimi.

Kiangazi kilikuwa kinaanza. Jumapili moja baba aliondoka asubuhi na mapema na shati lake la kanisani, lakini hakwenda kanisani. Alikwenda Mtendeli, kambi ya wakimbizi wa Burundi, kabla haijafungwa na kuja kufunguliwa tena miaka ya baadaye. Mama alichinja kuku bila kusema kuku ni wa nini, na nikajua kuna jambo, kwa sababu mama alikuwa mtu wa kuzungumza hata na sufuria. Alasiri baba akarudi na kijana mrefu aliyebeba mfuko wa plastiki.

"Neema," baba akasema, "msalimie kaka yako."

Niliangalia nyuma ya yule kijana nimwone huyo kaka. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Amahoro, mushiki wanje," kijana akasema.

Kirundi na Kiha chetu ni ndugu, sikuhitaji mkalimani. Aliniita dada yangu. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Habari kamili nilikuja kuipata nikiwa mkubwa, kutoka kwa mama. Katika ujana wake baba alivuka kwenda Burundi kutafuta kazi, akaipata kwenye kiwanda cha chai huko milimani, na huko ndiko alikojifunza boila. Alipata mke huko, wakapata mtoto. Siku vita vilipoanza baba alikuwa upande huu, amekuja kumzika babu. Hakuweza kurudi, na habari zilizovuka zilisema kule alikotoka hakubaki mtu. Mwanamke kweli alikufa. Mtoto alibebwa na bibi yake mgongoni, wakahama kambi moja hadi nyingine, mpaka mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kile kiwanda akawakuta Mtendeli na kuleta ujumbe kwa baba. Hayo yote sikuambiwa wakati ule. Nilipomuuliza mama jikoni, alisema tu, "Ni mtoto wa zamani wa baba yako," akageuka kupuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Jina lake lilikuwa Desideri. Sista Mkuu alimwombea kibali cha kutoka kambini, akawa anakaa kwetu siku za kazi na kurudi kwa bibi yake mwisho wa wiki. Alikuwa mtaratibu. Alichota maji bila kutumwa, alimshukuru mama kwa kila sahani, alilala kwenye mkeka karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuchukua nafasi. Ningepata sababu ya kumchukia ingenisaidia. Sikuipata.

Siku ya kwanza tu alivuka kizingiti. Nilifika na chakula nikamkuta ndani, kifua wazi, amesimama mbele ya mlango wa moto na baba amemshika shingo kwa nyuma, mdomo wa baba uko sikioni mwake. Boila likiwa kazini hunguruma, huwezi kusikia mtu aliye hatua mbili. Niliona tu midomo ya baba ikienda, ikienda, na Desideri akitikisa kichwa. Baba hakuwa msemaji. Nyumbani aliweza kula, kunawa na kulala bila neno. Nilijiuliza maneno yale yote alikuwa ameyaweka wapi miaka yote ile, na kwa nini hayakuwahi kuingia kwenye sikio langu.

"Weka hapo, mama," akaniambia aliponiona, akionyesha kwa kidevu. Basi. Akarudi kwenye lile sikio.

Ikawa hivyo kila siku. Nilikaa kizingitini kama kawaida, lakini baba alikula amesimama, na nusu ya ugali aliila Desideri.

Walioanza kumbadilishia baba jina ni akina mama wa dobi. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wao walipopata habari waliona ni haki tu kusahihisha. "Baba Desi, mvuke umepungua!" "Baba Desi, shikamoo!" Nilisikia mara ya kwanza nikiwa na bakuli mkononi. Baba aliitika. Hakugeuka kuangalia wanamwita nani, hakusita. Aliitika kama mtu aliyekuwa akilingoja jina hilo.

Jioni moja muuguzi alikuja nyumbani kumwita baba, akapiga hodi, "Baba Desi yupo?"

Mama alitoka na mwiko mkononi. "Hapa hakuna Baba Desi. Hapa pana Baba Neema."

Muuguzi akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilimpenda mama siku ile kiasi cha kutaka kulia. Lakini tulipokaa kula, Desideri akiwa amekwenda kisimani, baba alisema taratibu, "Mke wangu, yule ndiye wa kwanza. Hilo halifutiki."

"Sijafuta," mama akasema. "Nimesema hapa."

Baada ya hapo nilianza kusikiliza. Mtoto mwenye wivu ana masikio ya sungura. Ndipo nikasikia lile lililoninyima raha kiangazi chote. Nilikuwa nafunga mbuzi nyuma ya jiko, jua linazama, na baba alikuwa ndani akimwambia mama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: "Kijana huyu hataondoka mikono mitupu. Ataondoka na kila kitu nilicho nacho."

Mbuzi mmoja akalia, sikusikia mama alijibu nini.

Kila kitu. Nilisimama pale nikipitisha macho kwenye mali yetu. Redio. Baiskeli. Mbuzi. Godoro la wazazi. Halafu likanijia wazo lililonitia baridi: boila. Kwa akili yangu boila lilikuwa la baba. Nani mwingine alikuwa na funguo zake? Nani mwingine aliliamsha na kulilaza? Kama mtoto wa mwenye shamba hupewa shamba, basi mtoto wa mwenye boila hupewa boila, na mtoto huyo alikuwa si mimi tena. Ila moyo wangu ulipata mahali pa kushika: pipa kubwa vile litapita wapi? Kesho yake nikamuuliza mlinzi wa geti.

"Eti babu, boila linaweza kubebwa?"

"Kwani lilikuja kwa miguu?" akacheka. "Lilikuja kwa lori, siku likiondoka litaondoka kwa lori."

Tangu siku hiyo lori lolote likiingia hospitali nililifuata kwa macho mpaka litoke. Nyumbani nilikaa karibu na redio, na nikitumwa mahali niliibeba.

Kisha ikaja siku ya kusafisha. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa narudi shule nikatazama juu ya mapaa, nikaona bomba la moshi halitoi kitu. Nilikimbia mpaka mfuko wa daftari ukanipiga mgongoni. Milango yote ya boila ilikuwa wazi, na tumboni mwake, mahali pa kichwa na mabega ya baba, palitoka miguu mirefu ya Desideri. Tochi aliishika baba mwenyewe.

"Baba, na mimi?"

"Leo hapana, mama. Leo kuna kazi."

Kila mwaka kulikuwa na kazi. Nilikaa kizingitini na sare yangu safi. Baba alikuwa anamfundisha kusikia. Alimwambia afumbe macho, agonge chuma kwa nyundo ndogo, aseme wapi pana ukoko na wapi pako safi. Desideri aligonga. Ti, ti, ti. Nami nikafumba macho pale nilipo. Ti, ti, ti, kisha sauti ikawa nzito, kama imevaa sweta. Desideri alipita pale bila kusema kitu.

"Hapo!" nikapiga kelele. "Baba, hapo!"

"Nyamaza, Neema," baba akasema. "Mwache apate mwenyewe."

Nilikuwa nimepatia. Naweza kuapa hata leo. Nilisikia kabla yake, na nikaambiwa ninyamaze.

Siku chache baada ya boila kuwashwa tena, ajali ikatokea. Mashine ya mbao ilikuwa imeleta magunia ya unga wa mbao, laini na mkavu kama poda. Ule ni hatari. Maranda huungua kwa mpangilio, lakini unga mkavu ukitupwa juu ya makaa hulipuka wote kwa pamoja, ndiyo maana baba aliuchanganya na magunzi na kuunyunyizia maji kwanza. Desideri alikuwa amechoka, au alisahau, au alitaka kumwonyesha baba kwamba anaweza kufanya haraka. Alifungua mlango akatupa sepetu nzima. Mimi nilikuwa kizingitini. Niliona mdomo wa boila ukitoa ulimi wa moto mrefu kuliko mtu, na nikaona baba, ambaye alikuwa kwenye geji upande wa pili, akifika pale kabla sijaelewa alipitaje. Alimpiga Desideri kikumbo kwa bega, kijana akaangukia magunia, kisha baba akausukuma ule mlango kwa mkono wake mtupu mpaka ukafunga.

Walimlaza wodi ya wanaume, mkono umefungwa mpaka kwenye bega. Mama alilia. Desideri alisimama ukutani nje ya wodi akirudia maneno yale yale kwa Kirundi, kwamba ni yeye, ni yeye. Na mimi? Nilimhurumia baba, ndiyo. Lakini chini ya huruma hiyo palikuwa na swali moja lililokuwa linanichoma: angeungua hivyo kwa ajili yangu? Nilijaribu kujiona mimi mbele ya ule mlango, nikamtazama baba akikimbia. Katika picha yangu nilimfanya akimbie haraka zaidi. Hata hivyo sikuiamini picha hiyo.

Hospitali haikuweza kungoja mkono upone. Palikuwa na mama wa kupasuliwa siku ile ile, na vyombo vya upasuaji havisafishiki kwa maombi. Sista Mkuu alikuja kitandani kwa baba.

"Baba Desi, tufanyeje?"

"Kijana yupo," baba akasema.

"Ndiye aliyekuunguza."

"Ndiyo sababu. Sasa hatasahau tena."

Desideri akaenda peke yake. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikimpepea baba nzi. Wodi ile ilikuwa karibu na dobi, na ukinyamaza uliweza kulisikia boila kupitia ukutani. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha mngurumo ukaanza chini, ukapanda pole pole, ukatulia. Baada ya muda ile valvu ya usalama ikatoa pumzi moja fupi, "tssss", ikafunga, maana yake presha imefika na mtu aliye kule anajua anachofanya. Uso wa baba ulilegea. Akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Unamsikia?" akaniuliza.

Nilisikia chuma. Yeye alimsikia mwanawe. Niliutoa mkono wangu taratibu, nikaendelea kupepea.

Desideri aliliendesha boila mpaka baba alipotoka wodini, na hakuna shuka lililochelewa. Halafu asubuhi moja, kiangazi kikiwa kinaisha, nikamkuta mama anafua mashati yake. Mama hakuwahi kumfulia. Nilimuuliza kulikoni.

"Anaondoka. Kambi inafungwa, watu wanarudishwa kwao. Bibi yake anataka kufia nyumbani, na hawezi kwenda peke yake."

"Anaenda Burundi?"

"Ndiyo. Baba yako anasema kile kiwanda cha chai kimefunguliwa tena. Mtu anayejua boila hatakosa kazi."

Nilifikiri. "Na boila atalibebaje?"

Mama aliacha kufua. "Boila lipi?"

"Letu. Baba alisema ataondoka na kila kitu alicho nacho. Nilisikia."

Mama alinitazama, povu limemjaa mikononi. Alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kisha uso ukabadilika akajifuta macho kwa kiwiko. "Mwanangu," akasema. "Baba yako ana nini? Ana kazi yake tu. Alitaka kumwekea yote kichwani kabla magari hayajaja, kwa sababu mpakani wanakagua mizigo, vichwa hawakagui."

Ungedhani wivu uliisha pale. Nilitulia kuhusu redio, hiyo kweli. Lakini kujua kwamba baba alikuwa na kitu kimoja tu, na kwamba kitu hicho ndicho alichokuwa anakimwaga kwenye sikio la mtu mwingine siku zote zile, hakukunipoza. Kulinichoma zaidi.

Tulikwenda sote kumsindikiza. Magari yalipangwa uwanjani, watu wamebeba magodoro, kuku, milango ya nyumba zao. Bibi yake alikuwa mdogo kama mtoto, amejifunga khanga mbili, akanishika mashavu na kusema maneno ya baraka. Desideri alikuwa na mfuko wake ule ule wa plastiki. Nilitegemea wakumbatiane na baba, nilikuwa nimejiandaa kuangalia pembeni. Hawakukumbatiana. Baba alisimama chini ya gari, mkono wake uliofungwa umening'inia, akauliza kwa sauti ya kushindana na injini:

"Maji yakipotea kwenye kioo?"

"Siongezi maji, baba. Naondoa moto kwanza."

"Kwa nini?"

"Chuma chenye moto kikinyweshwa maji ya baridi kinapasuka."

"Majivu?"

"Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote."

"Unga mkavu?"

Desideri akainamisha kichwa. "Sitasahau."

Gari likaondoka na baba bado anauliza. Alitembea nalo hatua kadhaa, midomo inakwenda, mpaka vumbi likatufunika.

Baba hakuchukua mwanafunzi mwingine. Nilirudi kizingitini, na mwaka uliofuata niliitwa ndani kushika tochi, na mwaka uliofuata tena, mpaka nilipokuwa mkubwa mno kufurahia masizi. Baadaye hospitali ilipata umeme na mitambo ya jua, boila likakatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu, na ndiyo, liliondoka kwa lori. Baba akawa mkulima. Kwa miaka ile yote nilikuwa naye, kila siku, pamoja na ukimya wake.

Alipofariki tulituma habari, na Desideri akaja, akavuka mpaka kwa bodaboda, mtu mzima mwenye mvi za mapema. Ni mkuu wa boila kwenye kiwanda kile cha chai, ana vijana chini yake. Kaburini aliitwa wa kwanza kutupa udongo. Aliyesoma historia ya marehemu, alipofika kwenye watoto, alianza na jina lake. Nilisimama nyuma yake nikiwa na udongo mkononi, mwanamke mzima mwenye watoto, na nilihisi kile kile.

Siku ya kuanua matanga, mchana, watu wakiwa wametawanyika, nilimkuta nyuma ya jiko anasugua masufuria pamoja na wasichana. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nilikuwa nimebeba swali hilo muda mrefu mno.

"Kaka, alikuwa anakuambia nini?"

"Lini?"

"Kule kwenye boila. Mdomo sikioni, kiangazi kizima."

Alifikiri, mchanga wa kusugulia mkononi. "Maji," akasema. "Moto. Majivu. Halafu maji tena."

"Hayo tu?"

"Mara moja nilimuuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Akaniambia niangalie geji." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akasugua kidogo, kisha akaacha, na nikaona kwamba naye alikuja na swali lake.

"Neema. Baba alikuwa anacheka?"

"Kucheka vipi?"

"Kucheka tu. Mimi sijawahi kumsikia. Pale tulikuwa tunakimbizana na siku. Nimekaa nikijaribu kufikiri alichekaje, sipati."

Nilimtazama yule mtu aliyetwaa jina la baba yangu, maneno yake na mkono wake wa kulia. Na kumbe mimi nilikuwa na kumbukumbu hizo. Nilikuwa nazo nyingi: baba akicheka mama alipoanguka kwenye pipa la maji akimfukuza jogoo, baba akicheka peke yake kanisani mpaka benchi likatikisika, baba akicheka kwa pua tu, jioni, kwa jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Zilinijaa kifuani, na jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kuzifunika.

Nikamhadithia ya jogoo. Nikamwigia baba alivyoshika mbavu, na Desideri akacheka mpaka machozi, wasichana wakageuka kututazama. Nikamhadithia na ile ya kanisani. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasogeza sufuria pembeni, akakaa sawasawa.

"Nyingine," akasema.

"Nyingine sizikumbuki," nikamwambia, nikachukua mchanga, tukaendelea kusugua.